Kopo la Baba Lisitoke kwenye Friji

Mama, Kaka,

Chakula kipo jikoni, ni kupasha moto tu.

Kopo lililo kwenye friji lina negativu za picha alizopiga marehemu Baba. ~~Atakayeligusa tutagombana.~~ Tafadhali msilitoe, joto linaziharibu.

Kaka, asubuhi nilipoziokoa kwenye pipa la taka ulinicheka: "Picha zote nimeshaziskani, mdogo wangu. Unafuga takataka?" Uliskani za albamu, na nakushukuru kwa dhati. Lakini ile ya Mama mbele ya kabati la kioo ilikatwa pembeni zamani ili iingie kwenye fremu, na kompyuta yako imehifadhi kilichobaki. Negativu haikukatwa. Nimeiinua dirishani: ukingoni, ndani ya kioo, yupo Baba na kamera yake, anacheka. Na siku zote tunasema aliwapiga watu wote picha, yeye hana hata moja!

Naipeleka maktaba ya chuo, wana mashine ya kuskani negativu. Wakikataa, nitaganda mlangoni mpaka wachoke.

Mama, jioni usiende popote. Nataka umwone.

Kitindamimba wenu