Ukurasa wa Pili wa Hotuba ya Binti

Jumapili, 9 Machi

Daftari hili lilikuwa la hesabu la Binti, kurasa za nyuma hazina kitu. Nimelichukua mimi. Shule niliishia darasa la pili, mengine nimejifunzia kwake, nikimsimamia kazi za nyumbani na yeye bila kujua akinisimamia mimi. Mwandiko wangu unapanda mlima. Nani atauona?

Moyo umejaa, ndiyo maana naandika. Binti kachaguliwa kusoma hotuba shuleni Jumamosi, mbele ya wazazi na wageni. Mada ni utumwa na ubaguzi wa rangi. Mwalimu wake kasema huyu anajua kumshika mtu mpaka akubali. Hilo silibishi. Mtaa mzima wanamwita Wakili. Juzi kambishia muuza mboga hadi yule mama akamfungia na fungu la pili, ili tu anyamaze.

Nikamwambia anisomee. Kasema bado, mama, nainyoosha kwanza. Haya, anyooshe. Hata mimi shati silitoi kabla ya pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Miguu imevimba tena. Miaka kumi na moja ya kusimama kwenye pasi.

Pale duka la dobi ninapofanya kazi, kaunta wanakaa wasichana weupe. Sisi weusi tii tuko nyuma, kwenye pasi na mabeseni, na tunaingilia uani. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Leo mteja kauliza huko nyuma kuna nani, msichana wa kaunta kamjibu: mashine tu. Mama Povu, anayefua, akakaa chini palepale. "Basi mashine imeharibika. Mwiteni fundi." Tumecheka mpaka nikaunguza kola.

Binti kaniambia leo kwamba kwenye hotuba nimo na mimi. Usingizi hauji, kichwa kinazunguka.

Nimo vipi?

Jumanne, 11 Machi

Kanisomea. Ukurasa wa kwanza ni wa zamani, watu waliouzwa, pingu, soko. Nikasikiliza vizuri, nikatikisa kichwa. Ukurasa wa pili ni mimi.

Mambo yenyewe ni haya. Bibi yangu, mama yake mama, alinunuliwa na babu yake Tajiri wetu, mwenye duka la dobi. Alinunuliwa kama mbuzi. Utumwa ukaja ukaisha, sisi tukabaki tunaitwa watu wa nyumba ile. Nami nikiwa mdogo nikapelekwa kwa Bibi Mkubwa, mama yake Tajiri. Kazi kutwa, mshahara hakuna, chakula na nguo walizochoka nazo wenyewe. Nimetoka pale naenda kuolewa.

Binti kaandika hivi, nanakili kutoka karatasi yake: "Mama yangu husema alilelewa na familia yenye uwezo. Lakini mtoto anayelelewa hupelekwa shule pamoja na wenzake. Mama aliwabebea mikoba mpaka getini, akarudi kufua. Hayo si malezi. Huo ni utumwa uliobadilishwa jina."

Nilikasirika. Bibi Mkubwa alinikeshea nilipougua surua, alinipaka dawa kwa mkono wake. Nikamwambia Binti, usimtukane yule mama, ni mzee, macho yake hayaoni vizuri.

"Nimemtukana wapi, mama? Nionyeshe."

Nikatafuta. Sikupaona.

Nimemwomba karatasi niende nayo kazini, niisome polepole, mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Nimeharibu. Mungu wangu, nimeharibu.

Mashati tukishayapiga pasi tunayakunjia juu ya kadibodi yasilegee. Kadibodi zikiisha tunaweka karatasi yoyote, hata za daftari. Leo ziliisha. Karatasi ya Binti nilikuwa nimeiweka pembeni ya meza, naisoma mstari mmoja kila nikisubiri pasi ipate moto. Nikaenda kunywa maji. Nimerudi, Mama Povu kanisaidia kukunja. Karatasi hakuna.

"Ile ya maandishi? Nimeiweka kwenye shati."

Shati la nani?

La Tajiri. Na limeshakwenda.

Mama Povu kashika mdomo. Akaniuliza imeandikwa nini. Nikamweleza. Akasema, mbona ni kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Tajiri kaniita ofisini. Karatasi iko mezani, ina alama za mikunjo ya shati.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Kanivutia kiti. "Dada, wewe si mfanyakazi. Wewe ni mtu wa nyumbani. Tumekula sahani moja."

Nikasema ndiyo. Sahani moja kweli. Wao kwanza, mimi baadaye. Hilo la pili nilisema moyoni.

Kasema Jumamosi anamleta Bibi Mkubwa, kwa kuwa yeye Tajiri ndiye katoa madawati ya shule, ni mgeni rasmi. Kasema mzee akisikia maneno yale mbele ya watu yatamuua. Ukurasa wa kwanza hana neno nao, ni historia, watoto wasome. Ukurasa wa pili utolewe. Kisha akasema kuanzia Jumatatu nitakaa kaunta. Kwenye kiti. Mbele.

"Binti yako anakusikia. Mwambie."

"Na asipokubali?"

Akanirudishia karatasi. "Mtu asiye na shukrani, mimi nitamweka wapi?"

Nimetembea hadi nyumbani nikikiwazia kile kiti cha kaunta. Nisidanganye humu. Nimekiwazia sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoka kazini mapema. Nimemweleza Binti yote, na shati, na kiti.

Nikangoja abishe. Hakubisha. Ndicho kilichonimaliza. Kaweka karatasi mbele yangu, kanipa kalamu. "Ni maisha yako, mama. Ukisema nikate, nakata. Lakini kata wewe."

Nikashika kalamu. Nikasoma mstari wa kwanza, nikaacha. Wa pili, nikaacha. Kufika wa nne nikasema, hapa umekosea.

"Wapi?"

Umeandika nililala jikoni. Si jikoni. Nililala kwenye mlango wa chumba cha Bibi Mkubwa, kwa nje, ili akiita nisikie. Na umeandika nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa na tisa, meno ya mbele hayajaota vizuri.

Akavuta karatasi akarekebisha. Hakuniangalia, anajua nikiangaliwa nitanyamaza.

Basi nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu baba yake. Mama yangu alikuwa haruhusiwi kuingia. Kila Ijumaa alikuja nyuma ya uzio wa waya. Mimi nageuka, naegemeza kichwa kwenye waya, yeye anapitisha vidole ananisuka. Ikiwa wataniita kabla hajamaliza, nakimbia. Nakaa wiki nzima kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nyumba nzima wanacheka. Bibi Mkubwa naye alicheka, si kwa ubaya. Hakujua mama yangu yuko pale nje bado, anangoja nirudi amalizie.

Au alijua. Hapo ndipo siku zote nakwama.

Binti kaacha kuandika. Machozi yanadondokea karatasi, nikamwambia angalia, wino. Akacheka na kulia pamoja.

"Niandike na hili, mama?"

Nimefikiria kaunta. Nimefikiria kodi ya chumba. Nimefikiria mama yangu na vile vidole.

Nikasema, andika. Ila usiandike kwa hasira. Andika kama ulivyosikia.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi wa shule. Nimekuja na daftari kwenye mkoba, naandika humuhumu.

Nilikaa safu ya nyuma na Mama Povu. Amevaa gauni la harusi ya dada yake, kasema mashine leo imepakwa rangi. Mara nikasikia sauti mbele, "Mkaa yuko wapi? Mkaa wangu?" Ni jina langu la nyumba ile. Mkaa, kwa weusi wangu. Bibi Mkubwa hulitamka kwa upendo, na ndio ugumu wenyewe. Watu wamegeuka. Tajiri kanyanyuka, kanionyesha kiti karibu na mama yake.

Nimekwenda. Amepungua, kawa kama mtoto. Kaupapasa uso wangu. "Nimeambiwa mwanao anasoma. Anasoma habari gani?"

"Zangu, Bibi."

Tajiri ananitazama. Kainama, kaninong'oneza: umemwambia mwanao? Nimemjibu, nimemwambia. Nimemwambia nini, hilo sikulisema.

Binti kapanda jukwaani. Karatasi ni tatu sasa, Tajiri kaziona, namwona anazihesabu.

Ukurasa wa kwanza umekwisha. Wamepiga makofi. Bibi Mkubwa naye kapiga.

Sasa ameanza. "Ndugu wageni, kuna mtoto mmoja alilala mlangoni."

Bibi Mkubwa kanishika mkono. Ananiuliza taratibu, mtoto gani huyo?

Nimemwambia, msikilize, Bibi. Mkono wa kushoto bado anao yeye. Naandika kwa wa kulia.