Wimbo wa Mama Kwenye Folda ya Wote

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi yamekwisha, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Nimebaki na kompyuta ya kwaya, ile kuukuu tuliyoiwekea Linux. Tunaitumia watatu: mimi katibu, Mwalimu Elinami anayetufundisha, na Namsifu wa sauti ya pili. Kila mtu na akaunti yake, nyimbo zimetawanyika. Nimeunda folda moja ya wote. Ruhusa 777: kila mtu afungue, aongeze, afute. Kama msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji ya kusafisha mfereji, hakuna bosi. Nimeweka humo hata wimbo wa Chasu, lugha yetu Wapare, aliouimba mama kabla hajafariki. Kwenye simu nimeufuta, ilikuwa imejaa.

Jumatano, 5 Machi
Inafanya kazi. Elinami ameweka nyimbo za Pasaka, Namsifu amezifungua bila kuniita. Najiona fundi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi kutoka Same, vumbi hadi kwenye nyusi. Wimbo wa mama haupo. Nimetafuta kila mahali. Haupo.

Elinami anasema Namsifu alifanya usafi jana. Faili lilikuwa na jina la namba tupu, kama lilivyotoka kwenye simu. Kaona uchafu, kaondoa. Kwenye mfereji ndivyo tunavyofanya sote, unatoa kilicho mbele yako, huulizi ni cha nani. Najua hilo. Bado nimemchukia. Makande yamenishinda, nalala na njaa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemfuata Namsifu sokoni, maneno makali nimeshayapanga. Nimeutaja tu wimbo wa mama. Amemwachia jirani ndizi zake, tumepanda wote hadi kanisani, akaingia kwenye akaunti yake. Wimbo upo kwenye pipa la taka la kompyuta. Hakulimwaga.

"Dada, tope la mfereji unaliweka pembeni," akasema. "Mwenye migomba atakuja kulichukua liwe mbolea."

Nimelia mbele yake bila aibu. Asante Mungu. Asante Namsifu. Yale maneno makali sikuyatoa, na nashukuru kwa hilo pia.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimerekebisha. Nimeunda kundi la kwaya, sisi watatu ndani, mwingine haingii. Nimeongeza ile alama ya t: kila mtu aongeze atakacho, ila kufuta afute lake tu. Folda yenyewe nimeiacha mikononi mwa root, akaunti kuu ya mashine, ili hata mimi nisiwe juu ya wenzangu. Wimbo nimeuita jina la mama. Nakala iko kwenye flashi, kabatini.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu asubuhi. Hakuna mazoezi. Nimefungua kompyuta kwa mazoea tu.

Kuna faili jipya, mmiliki wake Namsifu. Ni wimbo wa mama. Chini ya sauti yake Namsifu ameimba sauti ya pili, taratibu, anamsubiri mama kila anapovuta pumzi. Mama aliuimba peke yake siku ile, jikoni, sisi tulikuwa na shughuli zetu.

Nimesikiliza mara moja. Faili hili naweza kulifungua, kulifuta siwezi. Ni la Namsifu.