Bwawa la Madume, Kihurio

Mpenzi Namkunda,

Nakusalimu kutoka huku bondeni, kwenye jua la kuunguza hata kivulini. U mzima? Na huyo wa tumboni bado anacheza?

Asubuhi walivuta wavu katika bwawa la kijiji ili nipate mbegu ya samaki kwa bwawa letu la huko mlimani. Perege wakatoka wanono, akina mama wakapiga vigelegele. Bwana samaki, mtaalamu aliyewaletea vifaranga vya kupandikiza, akawageuza matumbo mmoja mmoja.

"Madume matupu," akasema. "Jike silioni."

Vigelegele vikakatika. Mtu akapaza sauti, "Hujuma! Katuletea mbegu ya kuchagua!" Wenye majembe wakamsogelea, mwenyekiti akajitia katikati.

Bwana samaki akauliza tu, "Walipokuwa vifaranga, bwawa lilipewa zamu ya maji?"

Mgawa maji akakiri kuwa halikupewa. Zamu zote alizipa mpunga. Bwawa likabaki la kufika kwenye vifundo vya miguu, maji ya moto kama ya kumkandia mzazi.

"Basi joto hilo limewakuza upesi," akasema bwana samaki, "na nadhani ndilo lililowafanya wote madume."

Leo watakula samaki hao, na kesho bwawa halina wa kuzaa. Narudi na ndoo tupu.

Mfikishie baba shikamoo yangu. Najua kila jioni anaomba mjukuu wa kiume. Mwambie mimi tangu leo naomba binti.

Ujifungue salama, mke wangu.

Wako,
Elia