Namba Nyuma ya Hadibodi

Baba,

Hii barua nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikiandika "Baba mpendwa" mkono unakataa. Kwa hivyo leo ni Baba tu. Utazoea.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Hapa Kitengela nyumba za mawe zinaota kila upande, hata pale ng'ombe wa jirani yetu Mama Naserian walikuwa wakilala. Wapangaji wetu nao wamehama, amebaki tu yule dada wa kiwanda cha nguo. Sikuwalaumu. Vyumba vyetu sita vilikuwa vimezeeka. Mabati ya kuta ilikuwa imeliwa na kutu huko chini, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani, na sakafu ilikuwa inabanduka ukifagia. Na unajua Mama hana kingine. Shamba alilopewa na babu kule Masii aliliuza ndiyo ununue hii ploti. Nikamwambia, Mama, tutengeneze mara moja, na tutengeneze ya kudumu.

Nilifanya vile ulinifundisha. Nilifinya mchanga kwa mkono kabla lori halijamwaga. Ule wa kwanza uliniachia matope kwa kiganja, nikaufukuza. Simiti nilibonyeza mfuko baada ya mfuko nione kama imeshikana mabonge. Mabomba nilichukua ya plastiki, kwa sababu maji ya kisima hapa yako na chumvi na yanakula chuma. Mwenye duka akaniuliza, "Madam, kwani wewe ni fundi?" Nikamwambia mimi ni msichana wa fundi. Aki nilijivuna, Baba. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Jambo moja tu ndilo nilikuwa nimeamua kukupinga. Mawe. Ulikuwa unatuambia, "Huu udongo mweusi unapasua mawe. Mabati haipasuki." Na mimi nikawaimbia majirani hivyo hivyo miaka yote, wao wakijenga mawe na sisi tukikaa kwa mabati: Baba anajua udongo. Lakini nilikuwa nimeona nyumba ulizojengea watu kule Tuala. Ulichimba msingi mpaka mtu anazama shingoni, ukatoa udongo wote mweusi, ukafika kwa mwamba, na mpaka leo hazina ufa hata mmoja. Nikafikiri kwetu hukuwa na uwezo. Nikakuonea huruma, fikiria! Nikaagiza mawe ya kuinua ukuta mpaka kiunoni, na mengine ya kujaza msingi.

Mama naye alichagua rangi ya sakafu. Nyekundu, ile ya kung'arishwa mpaka ujione. Alikuja na mkebe ameukumbatia, anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu matanga yako.

Nikamwita Mutiso, si ndiye mlikuwa mkijenga naye. Siku ya kwanza tukabandua hadibodi ya chumba cha kwanza, zile mbao nyembamba za kufunika mabati kwa ndani. Nyuma yake, kwa kila ubao, kulikuwa na maandishi ya penseli. Mwandiko wako, zile 4 zako zenye mguu mrefu. "1 kushoto juu." "2 kushoto chini." Chumba cha pili, vivyo hivyo. Vyote sita. Na kwa nguzo hakukuwa na msumari hata mmoja. Ni bolti na nati, tena umezipaka grisi zisishikane.

Nikamuuliza, Mutiso, hii ni nini? Akaweka nyundo chini. Akasema, "Mwende, usiweke mawe hapa."

Nilimlazimisha aongee. Akaniambia hapa ni njia ya barabara, serikali ilishaitenga. Kwamba mpima ardhi alikuambia ukiwa umeshanunua, kabla hujasimamisha hata nguzo moja. Na wewe ukasema serikali ikikuja, mtafungua nyumba kwa siku moja, mfuate namba, mkaisimamishe kwingine. Ukamwapisha asiseme.

Sikuamini. Nilienda Kajiado, ofisi ya ardhi, nikapanga laini mpaka mchana. Karani akanifungulia ramani, akaweka kidole kwa mstari wa barabara, akakisukuma. Kilipita juu ya vyumba vyote sita na choo.

Woi, Baba. Kumbe ulijua. Asubuhi ukinywa chai ya Mama, ulijua. Ukitupigia hadithi za udongo, ulijua. Ungenidanganya mimi tu nikae na huo uongo ingekuwa afadhali, lakini ulinifanya kipaza sauti chako. Niliongea uongo wako kanisani, sokoni, kila mahali, na nikajiona mjanja. Siku hizi nikifinya mchanga najiuliza kama hata hiyo ni kweli. Nimekukasirikia, wacha nikuambie tu. Nimekukasirikia mpaka nashindwa kula.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulichagua vizuri. Kwa nyumba ya kung'olewa, mabati, mbao, bolti, sakafu nyembamba ambayo hutaionea uchungu ukiiacha, hakuna fundi angechagua bora. Akili yote hiyo uliipa nyumba. Mama hukumpa hata dakika moja.

Mutiso aliniambia nisimwambie Mama, eti moyo utasimama. Nilikaa na hiyo siri wiki nzima, na wiki moja tu ilinishinda, sijui wewe uliwezaje miaka yote hiyo. Mama akaja kuuliza sakafu yake itapakwa lini. Nikamwambia. Akaketi juu ya mawe. Akauliza swali moja, "Alijua kabla hajajenga?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akachukua mtungi, akaenda kuteka maji.

Mawe nimeyarudisha. Nimeweka mabati mapya, ya geji nene, kwa bolti zako zile zile. Wapangaji wawili wamekuja, na nimewaambia habari ya barabara kabla hawajaingiza godoro. Tunatafuta mahali pengine, polepole.

Jana tulikuwa tunachagua maharagwe, mimi na Mama. Akasema bila kuniangalia, "Mimi nikifa, msinilaze kando ya baba yenu." Nilimbembeleza. Nikamwambia ulikuwa unaona aibu, kwamba labda ulikuwa umepanga kumwambia. Akarudia maneno yale yale, akaendelea na maharagwe. Nikamwahidi.

Na wewe nakuahidi hivi: Disemba nitakuja huko kwenu Mwala kupalilia kaburi lako, mwaka huu na mingine, kwa sababu bado wewe ni Baba. Nitakuja peke yangu. Ndugu zako wameniuliza kuhusu ile nafasi waliyoachia kaburi la Mama hapo kando yako. Nimewaambia wapande mahindi.

Lala, Baba.

Mwende