Wajukuu Wangu Wote Wawili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, uwagawie shemeji na mapacha. Natumaini hiyo baridi yenu haijawaweza. Sisi huku wazima. Hata mguu wangu umepona. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo, lakini nyumba hii unaijua: ukiongea chumba hiki, unasikika kile, na ninayetaka kumzungumzia yumo humo humo.

Nianze na kituko. Mama anasoma Kiingereza! Kila alasiri mkalimani mstaafu wa ghorofa ya juu hushuka, akaketi kwenye kiti cha wateja, na Mama humsikiliza akiwa na futi shingoni na pini mdomoni. Mwanafunzi mbishi kama huyu sijaona. Juzi walikwama kwenye "another two weeks." Mama alisimamisha cherehani, akataka kujua: ikiwa another ni moja na two ni mbili, zimekutana wapi? Mkalimani akamweleza kwamba hizo wiki mbili zimefungwa pamoja, zikahesabiwa kama kitu kimoja. Mama akatafakari, kisha akainua kazi iliyokuwa mkononi. "Basi kama suruali," akasema. "Miguu miwili, suruali moja." Mzee wa watu alicheka mpaka akavua miwani.

Jioni somo hunigeukia mimi. Ukisema "few customers," ananifundisha, unalalamika kwamba wateja hawaji. Weka ka-"a" mbele, "a few customers," hapo umeshukuru kwamba angalau wachache wamekuja. Nikimsikia hivyo nakumbuka tulivyokuwa tukifanyia kazi za shule kwenye ncha ya meza ya kukatia, naye akituomba tusome Kiingereza kwa sauti, ingawa hakuambulia neno. Alipenda kusikia tu. Nani angedhani siku moja atanisahihisha mimi?

Sasa, dada, nikuambie kilichonikalisha kuandika. Masikio ya Mama hayana ubovu wowote. Mwaka mzima amekataa simu zako kwa madai kwamba kwenye simu hasikii, nami nikaamini. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nikinong'ona peke yangu kwamba sukari imekwisha. Mama akajibu kutoka chumba cha cherehani kwamba ipo kwenye kopo la bluu! Nikaenda nikasimama mlangoni. Akamalizia pindo lake, halafu akanieleza.

Mara ya mwisho alipoongea na mapacha aliwaita "my all two grandchildren," kama tunavyosema sisi, wajukuu wangu wote wawili. Wakacheka, wakawa wanarushiana maneno hayo. "Watoto ni watoto," akaniambia. "Lakini na dada yako nilimsikia akicheka." Tangu siku ile akaona afadhali awe kiziwi.

Sikuandikii kukulaumu. Ningekuwepo, labda ningecheka pia. Mama mwenyewe hana kinyongo. Kinachomuuma ni kwamba kuna jambo anataka kuwasimulia watoto, na halijawahi kutoka mdomoni mwake hata kwetu. Anasema ulipokuwa mchanga ulilala juu ya vipande vya vitambaa chini ya meza, na cherehani ikinyamaza tu, unaamka unalia. Basi kazi ikiisha, alikuwa anatoa uzi na kitambaa, anaendelea kukanyaga cherehani tupu, ili mwanawe apate usingizi. Miguu ikafa ganzi, anasema, na yeye anakanyaga tu. Nilipomsikia nilijifanya natafuta mkasi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mchana wa kwenu, atapiga mwenyewe. "Both my grandchildren" sasa anaitamka bila kujiuma ulimi, ila mbele ya hapo huenda akateleza, maana hadithi ni ndefu. Waketishe mapacha wote wawili karibu na simu. Wewe usimsaidie neno. Na tafadhali, usimwambie kwamba unajua. Simu ikilia, shangaa kusikia sauti yake.

Msalimie shemeji, na wabusu watoto kwa niaba yangu. Mama hajui kama nimekuandikia, lakini salamu zake zichukue.

Mdogo wako akupendaye,
Kifungo