Misuli Iliyokataa Kutupwa Ijumaa

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, ila pole sitaki, zimejaa nyumbani. Mimi ni mtafiti, kazi yangu ni kukuza seli za misuli, tunazipata kwa wagonjwa wanaopasuliwa nyonga wakakubali kutuachia kipande kidogo cha nyama, tunazilaza kwenye visahani vya plastiki, tunazilisha, tunaziweka kwenye kabati la joto, na zikipenda zinaungana zenyewe kuwa nyuzi ndefu, ukizitazama kwa hadubini unaziona zinasinyaa na kunyooka, na hata leo nikiziona nafurahi kama mtoto.

Sasa profesa wetu amejenga jina lake juu ya jambo moja, kwamba seli za wazee haziungani tena, zimekwisha kazi, na maabarani kwetu Jumatatu tunapanda, Ijumaa tunatazama, ambazo hazijaungana tunaandika zimeshindwa, tunatupa, tunafunga mlango, tunakwenda kupumzika. Ijumaa moja kabla sijatupa nikapigiwa simu kwamba mama ameteleza bafuni, nikatoka mbio na koti la maabara mwilini, visahani nikavisahau, niliporudi Jumatatu iliyofuata nilijua nitakuta uozo, nikakuta nyuzi, tena za wazee, zinacheza! Nimerudia, nikarudia tena, jibu ni lile lile, wazee hawajashindwa, wanachelewa tu, sisi ndio tunaowatupa ili tuwahi wikiendi yetu.

Nilimwambia profesa, wala hakuinama kutazama. "Binti yangu, kisahani kilichosahaulika si utafiti, ni uchafu. Katupe." Wiki ijayo ananipeleka mkutanoni nikasome matokeo, yale ya Ijumaa, jina langu chini ya lake, na nikikataa nitafute maabara nyingine. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, namwita Baba, kwenye harusi yangu alikaa kiti cha marehemu baba. Mume wangu anasema soma tu, mkono usioweza kuukata ubusu. Na mama ameambiwa kliniki akae kitini, misuli ya umri wake haijengeki, neno hilo walilipata wapi kama si kwa profesa wetu? Sisomi, Shangazi! Nimeshakataa moyoni, ila namkataaje mtu aliyenilea bila kumvunjia heshima? Visahani nimevificha ndani kabisa ya kabati, nyuma ya vingine.

Mimi, Binti wa Maabara

*

Binti wa Maabara,

Kwanza nikugombeze, ndipo tuelewane. Visahani unavificha kwa nini, umeiba? Profesa akivikuta huko nyuma utakuwa umemkabidhi fimbo ya kukuchapia. Kesho asubuhi visogeze mbele, na vifuniko viandikwe wazi.

Mumeo msalimie. Mwambie hakuna anayeukata mkono wa profesa, tunauomba tu ushike hadubini.

Na wewe acha kuchanganya mambo. Heshima si utumwa. Baba aliyekufundisha kutazama hawezi kukuamuru ufumbe macho, na akikuamuru, basi wewe ndiye uliyebaki kumheshimu yule mwalimu wa zamani. Wahenga walisema kawia ufike. Nyinyi na shahada zenu mmekuwa mkiwafungia wazee mlango Ijumaa, kisha mnaandika kwamba hawakufika! Mimi ningeona haya.

Fanya hivi. Mtafute mwenzako wa maabara, si rafiki yako, yule anayekubishia kila kitu. Mpe vipande vya nyama vya vijana na vya wazee bila kumwambia kipi ni cha nani, apande yeye, na Ijumaa asiguse. Hilo halitaisha kabla ya mkutano, lakini lianze. Kisha mwendee profesa bila maneno mengi. Weka kisahani chini ya hadubini, mvutie kiti, mwambie, "Karibu, Baba," unyamaze. Akitazama, umepona, naye amepona. Akikataa, mwambie pale pale, ana kwa ana, usimvizie jukwaani mbele ya wageni: "Baba, za Ijumaa nitazisoma pamoja na zilizofika Jumatatu. La sivyo jina langu litoe." Huenda akakufukuza, sitakudanganya. Kwa hiyo leo hii anza kuulizia maabara nyingine. Kazi utapata. Uongo ukishausoma kwa sauti yako mbele ya watu, huurudishi.

Mama asimngoje profesa. Mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi wa kliniki nyingine, amsimamishe taratibu, akishikiliwa.

Mimi nina umri wa mama yako, na goti langu liliambiwa maneno hayo hayo. Nilitii. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa. Jibu hili namalizia nimesimama, nimeshika meza, miguu inatetemeka, na sikai.

Shangazi