Tope Lililotoka Juu

Mjukuu wangu Rehema,

"Maji ni kazi ya mainjinia, misitu ni ya mabwana misitu." Ati ndivyo anavyofundisha mwalimu wako wa utafiti, nawe unaniuliza kama ni kweli. Si kweli hata kidogo! Hapa Masuguru tu wazima, mama yako amevuna mahindi, sasa nikujibu.

Miaka ile ya soko huria, mbao zilipopata wanunuzi wengi, nilikuwa karani kijana wa maji. Mto unaoshuka kutoka msitu wa Kwashemshi ukajaa tope. Injinia wetu akaamuru wafugaji waliotoka Mazingara waondolewe bondeni, akidai ng'ombe wao ndio wanaochafua maji. Mzee wao mmoja akacheka: "Bwana mkubwa, ng'ombe wangu wapande mlima wachafue maji, kisha washuke kuyanywa?"

Mimi na injinia tukapanda naye, pamoja na bwana misitu. Juu tukakuta magogo yakiburutwa katikati ya chemchemi. Kumbe bwana misitu alitoa vibali vya kukata miti akiwa mezani, injinia alipima maji akiwa darajani. Kesho yake waliofukuzwa ni wapasua mbao.

Basi wewe na watafiti wenzako, msiandike hata mstari mmoja kuhusu maji ya msitu ule kabla hamjapanda wote pamoja, injinia na bwana misitu, mfugaji akiwa mbele.

Bibi yako